Konokono wa Mzee Spana

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzee Spana hakusubiri kupewa. Alihamia kwa binti yake mwaka ule aliofiwa na mkewe na kustaafu kwenye karakana ya pampu za maji, na asubuhi ya kwanza tu alikutwa amepiga magoti chini ya sinki la jikoni, anakaza koki iliyokuwa ikivuja. Jina alilipata kazini, kwa sababu spana haikumtoka mfukoni hata siku za harusi za watu.

Alichoogopa ni kuwa mzigo. Hakuna aliyemwambia neno. Binti yake alikuwa muuguzi, na hata akirudi zamu miguu imemvimba, humuuliza kwanza baba yake kama amekula. Mkwewe alikuwa mpima ardhi, mtu wa maneno ya kuhesabu, humwamkia kwa adabu kila asubuhi kisha akashika njia yake. Basi mzee akakichukua kile kimya cha mkwe, akakitafsiri anavyojua mwenyewe: siku kazi za nyumba hii zikiisha, na mimi safari yangu imewadia. Kwa hiyo alizikimbilia kazi kabla hazijamkimbia. Mlango uliokwaruza sakafu aliupiga randa, swichi iliyolegea akaibana, kamba ya kuanikia nguo akaibadilisha ingali na uhai wake.

Likabaki tangi la samaki sebuleni. Lilikuwa la mkwe, la maji ya bahari, lina mawe ndani, pampu ndogo ya kuzungusha maji na samaki wachache. Mmoja, mnene wa manjano, aliitwa Bosi kwa jinsi alivyowafukuza wenzake kwenye chakula. Lakini vioo vilikuwa vimeshika utando wa kijani, hata kumwona huyo Bosi ilikuwa bahati nasibu. Mkwe aliposafiri kwenda kupima mashamba ya watu, mzee alisimama mbele ya tangi, mikono kiunoni, akaona kazi imejileta.

Sabuni alijua haifai. Akakumbuka wale konokono wa baharini wanaotambaa kwenye miamba, wanakula ukijani na kuacha njia safi nyuma yao. Maji yalipokupwa akashuka pwani na ndoo. Hakutaka kulowesha suruali, akawaokota wa juu juu, walioganda kwenye miamba mikavu, akawamwaga tangini. Kesho yake binti alimkanyaga mmoja mlangoni pa jikoni, mwingine akamkuta ndani ya kiatu cha kazini.

"Baba," alisema akikikung'uta kile kiatu, "wale samaki wa tangini hawakutoshi?"

Mzee akawaza. Anayeishi juu ya mwamba amezoea kukaa mkavu nusu ya siku, ukimtia majini moja kwa moja lazima atafute mlango. Safari ya pili akakunja suruali, akaenda hadi kwenye vidimbwi ambavyo maji hayaishi, akachukua wenyeji wa humo. Hao walitulia. Kila mmoja akashika kipande chake cha kioo, akala akisogea, na mzee akavuta kiti akawasimamia. Baada ya muda si mrefu kioo cha mbele kikang'aa. Binti akampigia mumewe simu kumpa habari, na mume akajibu neno moja: "Sawa."

Lile "sawa" lilimsumbua mzee kutwa nzima. Aliligeuza huku na huku, akaamua kwamba kazi haijatosha. Akaleta ndoo nyingine ya konokono, na yeye mwenyewe akawasaidia kwa kipande cha plastiki, akakwangua kioo cha nyuma na cha pembeni, akatoa mawe akayasugua kwa brashi. Tamaa mbele, mauti nyuma, na tamaa yake ilikuwa ya sifa. Tangi likatakata mpaka likawa kama halina maji.

Kisha konokono wakaanza kudondoka. Walilala chini, mzee akasema wanapumzika. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, yakaanza kunuka, na Bosi akapanda juu anatweta. Mzee akafungua pampu. Akaifunga, akaifungua tena, kwa sababu pampu ndicho kitu alichokijua, na pampu ilikuwa nzima. Asubuhi Bosi alikutwa ubavu juu. Mzee alilia, na hakuwa akimlilia samaki peke yake.

Mchana mkwe aliporudi alimkuta kwenye kochi, begi miguuni. Alikwenda kwanza kwenye tangi, akatoa konokono mmoja, akamnusa.

"Utando uliumaliza wote, baba?"

"Wote," mzee alisema, na sauti bado ilikuwa na kafahari kidogo.

"Wamekufa njaa. Ule ndio ulikuwa chakula chao. Wameozea humo, maji yakaharibika."

"Nisamehe, mwanangu. Sikutaka mwone mnamlisha mtu bure. Sasa sijabakiwa na cha kutengeneza humu, na hiki nimekiua. Naenda kwa kaka yangu."

Mkwe alikaa chini sakafuni. Akasema maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema tangu mzee ahamie.

"Ile koki nilikuwa nimeshainunulia raba, baba. Randa ya mlango nilishaiazima. Kila nikitaka kushika kitu, nakuta umeshakimaliza. Nala, nalala, naondoka. Najiona mgeni kwangu. Likabaki tangi hili. Jumapili nisiposafiri nilikuwa nakaa hapa nasugua kioo polepole, kichwa kinatulia. Hilo nalo umelitafutia konokono."

"Mbona hukusema?"

"Mtu anamwambiaje baba mkwe aache kufanya kazi?"

Mzee aliona aibu, aibu kubwa, na papo hapo akahisi nafuu ambayo hakuitarajia. Kumbe walikuwa wawili humo ndani, kila mmoja akijihesabu mgeni, na mmoja wao alikuwa amemnyima mwenzake nyumba kwa kumsaidia.

Samaki waliosalia hawakuwa na muda wa kusubiri. Walikwenda pwani pamoja, na madumu ya kuchotea maji mapya. Konokono walio hai waliwarudisha kwenye vidimbwi, wakabakiza wachache, na mkwe akasema kioo cha nyuma kisiguswe tena na mtu, utando uote wapate chakula. Mkono wa mzee ulikuwa umeshafika kwenye kile kipande cha plastiki. Akaurudisha.

"Wewe nishikie huu mpira wa maji tu," mkwe alisema. "Usifanye kingine."

Mzee akashika. Mkwe akavuta maji machafu kwa mdomo, akayameza, akakohoa, akamwaga mengine sakafuni, akalisogeza begi kwa mguu lisilowe. Mzee alijua njia tatu bora za kufanya kazi ile. Zote zilimfika kooni, akazimeza, na katika miaka yake yote karakanani hakuwahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Binti alirudi zamu akakuta sebule imelowa, mumewe hana shati, na baba yake amesimama wima na mpira mkononi. Akauliza fundi wa vurugu hii ni nani.

"Mwenye nyumba," baba yake alisema. "Mimi nimeambiwa nishike mpira."