Gongo la Mama Adongo

"Alumini ikinishinda mimi, hiyo mzike!" fundi Ooko aliwatangazia waumini siku ya harambee ya kanisa pale Kaptembwa, kipaza sauti mkononi, utadhani anagombea udiwani. Wakampigia makofi. Na kweli, redieta za magari ya nusu ya Kiamunyi zilikuwa zimepita mikononi mwake. Anapasha kwa gesi, anayeyusha rodi ya kuungia, kisha anasugua kwa brashi ya waya humo humo ndani ya uji wa rodi hadi ngozi ya alumini ichubuke, vipande vishikane. Poda ya kusafishia haguzi. Poda, alisema, ni ya waoga.

Basi gongo la alumini alilotembelea mama yake, Adongo, likaingia ufa. Nyonga ya mama ilikuwa imetiwa chuma, na bila gongo safari zake zote zingeishia mlangoni.

"Nunua ingine, boss," akasema Kipruto, mchomeleaji wa kibanda cha pili. "Hiyo si ya redieta. Imepewa ugumu kiwandani. Ukiichoma inalegea."

"Wewe rudi kwa mageti yako."

"Chuma iko na haya, inakuwa nyekundu kwanza. Hii alumini inakuangalia tu, rangi ile ile, hadi ilegee."

Mama alikuwa pale pale, kwenye kiti cha plastiki. "Mwachie kijana yangu. Nani mwingine atanishonea gongo?"

Maneno hayo yakamfunga Ooko. Angenunuaje jingine mbele yake?

Akaliunganisha. Akaliegemea kwa uzito wake wote, akakata kiuno kidogo, mama akacheka hadi akashika mbavu.

Jumapili, kwenye ngazi za kanisa, gongo likakunjika kama mshumaa ulioanikwa juani. Mama akaangukia nyonga ile ile.

Daktari hakuzungusha maneno: huyu hatasimama tena.

Ooko akalikagua gongo pale wodini. Kiungo chake kilikuwa kizima, kinang'aa. Lilikunjika vidole vitatu chini yake, pale moto ulipopita ukalainisha bomba. Alikitafutia kiungo kosa, apate cha kulaani. Akalikosa.

"Baba," mama akamwita mwanawe kutoka kitandani, "si ni wewe ulishona? Basi ni ngazi. Hizo ngazi ni mbaya."

"Ndiyo, mama. Ni ngazi."

"Umwambie pasta."

"Nitamwambia."

Kwenye duka la dawa mkabala na hospitali, gongo jipya ni shilingi elfu moja na mia mbili.