Neno Nililolisikia Nusu

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimevuka daraja la Bukavu na magunia ya muhogo kichwani wakati baadhi ya matajiri hawa wa Kamembe hawajajua kufunga viatu. Shule niliiacha darasa la tatu, kulekule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nilikozaliwa, na leo nina pikipiki nne zinazobeba watu na duka la misumari na mabati karibu na soko. Kwa hiyo mvua ya Jumatatu ilipoangusha kipande cha ukuta wangu Nyakarenzo, nilicheka. Matofali hayo, nikasema, si mtoto.

Kesho yake jirani yangu akapita. Ni mama mjane, tunasali kanisa moja, na shamba lake la maharage linapakana na ukuta huo. Alisimama na jembe begani, akatazama matofali yaliyolala juu ya maharage yake, akanitazama mimi, akasema neno moja la Kinyarwanda kwa sauti ndogo, akaenda zake. Mimi nilisikia: "Ihane."

Nimekulia Kiswahili. Kinyarwanda nakisema vizuri kuliko wengi waliorudi nchi ya wazazi kama mimi, lakini kina vichochoro vyake. Neno hilo lakini nilikuwa nalijua, mchungaji hulipiga kelele kila Jumapili. Ihane. Tubu.

Sikucheka tena.

Miaka tisa nyuma, mama huyo alikwenda Gashonga kumhudumia binti yake aliyejifungua. Kwetu mpaka wa shamba ni miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe. Alasiri moja niliing'oa, nikaisogeza hatua tatu ndani ya shamba lake. Miyenzi haina ubishi, unapoichomeka ndipo inaposhika. Mwezi uliofuata nikajenga ukuta kuufuata mstari huo mpya. Aliporudi alinisalimu kama siku zote.

Na Jumapili iliyofuata mvua hiyo ndiyo nilikuwa niwekwe kuwa mzee wa kanisa. Kabla ya kuwekewa mikono, mchungaji huuliza mkutano mara tatu: "Nani ana neno juu ya ndugu huyu?" Kwa kawaida batu wananyamaza, mmoja anakohoa, wengine wanacheka. Mimi sasa nilimwona mawazoni mama yule akisimama, na karatasi ya shamba mkononi.

Usingizi ulinikimbia. Dukani nilimpimia mtu misumari ya mbao, naye alitaka ya mabati. Mke wangu akaniuliza, "Papa, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi mbona koti umelivaa kinyume?"

Kilichonitisha zaidi hakikuwa kanisa. Ukuta ulikuwa umesimama katika mvua za miaka tisa. Kwa nini uanguke wiki hii? Nilikuwa nimemchukulia Mungu kama yule askari wa forodha anayesinzia kwenye kiti, unapita na mzigo wako, unajisifu njia nzima. Sikuwahi kufikiri kwamba labda hasinzii. Labda anakuacha upite mara nyingi, aone kama utarudi mwenyewe.

Ijumaa nilikutana na mama yule njiani. Aliniinulia kidole. "Jumapili, Papa!" akasema, akacheka. Kicheko chake kilinifuata mpaka nyumbani.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwake.

"Karibu, Mzee mteule," akasema. Alikuwa anachambua maharage.

"Mama, usinitanie. Niko na neno."

"Kaa kwanza."

Sikukaa. Nilimwaga yote nikiwa nimesimama: miyenzi, hatua tatu, safari yake ya Gashonga. "Nimetubu," nikamaliza, "vile uliniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Jumanne. Ulisema ihane."

Akashika mdomo. Halafu akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. "Mutoto wa Bukavu! Nilisema *ihangane*! Ukuta wa muntu umeanguka, nimwambie nini? Pole, vumilia!"

Ihangane. Neno la kumpa pole aliyepatwa na jambo. Katikati yake nilikuwa nimepameza mwenyewe, kwa hofu.

Sitadanganya: kama maneno yangu yangerudi mdomoni, ningeyarudisha. "Kumbe hukujua," nikasema.

Kicheko kikakatika. "Nilijua siku ile niliyorudi. Migomba yangu ya mwisho ilikuwa ndani kwako. Unafikiri muntu hajui kuhesabu migomba yake?"

"Na ukanyamaza miaka tisa?"

"Nani alinyamaza? Kila nikipanda maharage nilimwambia Mungu, mpige huyu. Nikivuna namwambia, ngoja kwanza, mpe msimu mmoja tena. Nilikuchoka, Papa. Sijui kama Yeye alichoka."

"Na kesho, wakiuliza?"

Akarudi kwenye maharage yake. "Mimi nitakuwa nimekaa, magoti yananiuma. Kama neno lipo, liko kwako."

Jumapili mchungaji akauliza mara ya kwanza. Kimya. Mara ya pili, mmoja akakohoa. Nilimtazama mama: amekaa, macho kwenye viganja vyake. Nikajiambia, yamekwisha, mwenye shamba amesikia, hawa wengine wanahusikaje? Mara ya tatu nikasikia sauti, na ilikuwa yangu: "Mimi niko na neno juu yake."

Batu wakacheka. Walidhani nataka kujisifu, nao wananijua. Nikaanza na miyenzi, wakaacha kucheka, mmoja mmoja.

Mikono sikuwekewa. Mchungaji alisema, "Ndugu, tungoje mwaka, tuone." Nikaenda kukaa nyuma, kwenye benchi la wageni, na mpaka leo ndipo ninapokaa. Mwaka haujaisha. Usingizi umerudi, si wote. Mvua ikianza natoka nje kutazama ukuta, na mama yule akiongea namsikiliza mpaka silabi ya mwisho.

Miyenzi niliirudisha kwa mikono yangu hii, hatua tatu, utomvu ukanichoma jicho. Ukuta sikuuziba pale ulipoanguka tu; upande mzima niliubomoa, nikaujenga upya kwenye mpaka wa zamani. Nilitaka kumlipa mavuno ya miaka tisa, akakataa, akaomba miche ya migomba, ile ile hesabu aliyoipoteza. Miche sita, mafundi wanne, simenti, mchanga na matofali mapya: faranga laki sita, elfu kumi na nne na mia tano.