Kioo Kilichowashwa na Jua

Kioo kile cha laptopu nilipewa na rafiki yangu, fundi wa simu hapa Garsen, alipochoka kukihamishahamisha mezani.

"Chukua," akaniambia. "Picha kinayo, ila taa za nyuma zimekufa. Ukimulika tochi utaona kivuli cha kitu. Basi."

Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo. Nikifunga duka, nachokoa vitu vilivyotupwa. Kutoka kwenye mashine mbovu ya fotokopi nilikuwa nimetoa kioo kidogo nikakifanya kinionyeshe joto la chumba. Shangazi yangu, ninayeishi naye, alikitazama akacheka mpaka akakaa chini. "Joto la Garsen nalo linataka kuandikwa?"

Niliagiza bodi ndogo kutoka Mombasa, ile inayosoma flashi na kupeleka picha kwenye kioo. Kisha Jumapili moja nikajaribu kubadilisha zile taa. Utepe wake ukakatika mkononi. Kwa hasira nikabandua kila kilichokuwa nyuma, bati na makaratasi yake meupe, mpaka kikabaki kioo kitupu. Nikakiinua dirishani. Nikaona mbuzi wa jirani kupitia humo, weusiweusi kama wako ndani ya moshi.

Kama mbuzi wanaonekana, si jua lenyewe liwe taa? Nikatundika shuka jeupe dirishani, nikaegemeza kioo mbele yake, nikaunga bodi kwenye betri ya sola, nikachomeka flashi.

Nilipiga ukelele. Shangazi akaja mbio na mwiko, akidhani nyoka.

Hakuwa nyoka. Ilikuwa video ya harusi ya binamu yangu kule kijijini Wema, rangi zote zinawaka, na katikati ya wachezaji alikuwa yeye shangazi.

"Yule ni mimi?"

"Ni wewe."

"Mbona nakatika vile?"

"Ndivyo ulivyokatika, shangazi."

Akatoka kuita majirani. Mara chumba kikajaa, ndara zikarundikana mlangoni. Hata jirani yetu mwenye mbuzi, mfugaji wa Kiorma asiyependa kelele, aliingia na fimbo yake akasimama nyuma ya akina mama.

Bwana harusi alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini wingu lilipopita. Picha ikazama, nami nikaisimamisha. Chumba kizima kikaguna.

Shangazi akatoka uani, akapunga leso juu. "Pita! Nenda Malindi huko!" Akina mama wakamfuata, kila mmoja na leso yake. "Pita! Pita!"

Jirani akatoka taratibu. "Mama," akasema, "tangu ng'ombe waanze kukonda mimi naomba wingu kama hili. Leo limekuja, nyinyi mnalifukuza?"

Leso zikashuka. Maneno yake yalikuwa ya kweli, na wote tulijua. Halafu shangazi akasema, kwa heshima kabisa, "Basi lisiende mbali, baba. Lingoje tu bwana harusi aingie, kisha linyeshe mpaka lichoke."

Mzee akafikiri. "Ataingia lini?"

"Sasa hivi. Mguu mmoja uko chini."

"Basi lingoje," akasema, naye akainua fimbo akaliambia wingu maneno kwa Kiorma. Wingu likasogea. Kicheko kilichotoka pale kilitawanya kuku wote. Tulirudi ndani tukisukumana, bwana harusi akaingia, akajikwaa kwenye mkeka, vigelegele vikapigwa kana kwamba ndiyo anaoa leo. Nikaombwa nirudishe ajikwae tena. Nikarudisha. Tena. Jirani ndiye aliyeomba zaidi.

Jua lilipoacha dirisha, hakuna aliyekubali kwenda nyumbani. Tukahama nalo: mimi nimekumbatia kioo na bodi yake, jirani kabeba betri, shangazi nyuma yangu na shuka, na wengine wakishika nyaya kama wanabeba upindo wa gauni. Tulizunguka nyumba, tukasimama kila palipokuwa na mwanga. Mwishowe tukafika kwenye boma la mbuzi, jua limeshuka na kuiva, na bibi harusi akatokea mwekundu uso mzima, kama aliyepakwa hina mpaka kichwani. Shangazi alicheka hadi shuka likamponyoka, na mbuzi mmoja akaanza kulitafuna.