Mfasiri Wetu wa Viti vya Mbele

Likizo ile ya Agosti hatukwenda nyumbani, sisi watatu wa chuo cha simu. Mimi nilikuwa najifunza kusimamisha nguzo na kuvuta nyaya, kazi ambayo haikuulizi sana ulisoma hadi wapi. Kijana mmoja wa Ukambani tulikuwa naye kwenye nyaya hizo hizo. Wa tatu alitoka magharibi, mwembamba, mpole, na ndiye aliyekuwa na kichwa. Yeye alisomea uopereta: kukaa mbele ya ule ubao mkubwa wenye matundu, hedifoni masikioni, na kuunganisha watu wasiojuana. Kwao kijiji kizima kilikuwa kimeshajua kwamba kijana wao atakuwa anajibu simu za Nairobi.

Tulipanga chumba kimoja Waithaka. Asubuhi sisi wawili tulikwenda Loresho kufyeka nyasi kwenye nyumba za watu wakubwa. Mwenzetu hakufyeka. Kifua chake kilikuwa na TB, na kila asubuhi alikwenda kliniki kudungwa sindano.

"Bwana mkubwa anapeleka makalio kazini," yule wa Ukambani alikuwa akimtania.

"Angalau yangu yana kazi ya kudumu. Wewe ni kibarua tu."

Mchana tulikutana mjini, kwenye sinema moja nyuma ya River Road iliyokuwa ikionyesha picha kuukuu siku za kazi, zile zisizo na rangi, za wanaume wenye makoti marefu na wanawake wanaolia bila kuharibu poda. Agosti hiyo ilikuwa ya manyunyu na baridi ya kuuma vidole, na mle ndani kulikuwa na joto la watu. Nilizipenda picha zile hadi nikawa natembea kama wale wanaume, mkono mfukoni, koti sina. Shida ilikuwa Kiingereza chao. Walikimeza. Kwa hiyo mwenzetu alitufasiria kwa kunong'ona, na kwa kuwa viti vya mbele vilikuwa mabenchi tu, safu nzima ilimwegemea: wapakuzi wa soko, wauza njugu, mpishi mmoja aliyekuwa likizoni. Akikohoa walimngoja amalize. Mtu mwingine angekohoa hivyo wangemrushia maganda.

Basi, likizo ile ufasiri wake ukazidi kuwa mtamu. Siku moja mama mmoja wa kwenye picha alisimama stesheni, mvua inanyesha, akamwambia mwanamume wake maneno mafupi tu. Mwenzetu akatufasiria: "Anasema, hata ukienda, sahani yako nitaiweka mezani, na mtu akiuliza nitamwambia umetoka kidogo." Benchi zima likasema aaah. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia.

Nyuma yetu alikaa karani mmoja mwenye tai. Akainama mbele. "Wewe kijana, hayo unayatoa wapi? Huyo mama amesema gari la moshi limechelewa. Basi."

Watu wakacheka. Tulingoja mwenzetu amjibu, maana alikuwa na ulimi. Hakugeuka. Aliendelea kutazama mbele na kufasiri, na yule karani akasema tena, kwa sauti zaidi, na bado hakugeuka. Yule wa Ukambani akamgusa bega.

"Umesikia huyo mtu?"

"Mtu gani?"

Nje, tukiwa tunatembea kuelekea nyumbani, alituambia. Alisema ndani ya kichwa chake kulikuwa na nyenje, mchana kutwa hawanyamazi. Sauti zetu nzito alikuwa bado anazipata. Za wanawake, na zile nyembamba za kwenye sinema, zilikuwa zimekwenda. Alisoma midomo, na pale midomo ilipogeuka akajaza mwenyewe.

"Ni sindano," alisema. "Zilipozidi ndipo nyenje wakaja."

"Na sista wa kliniki anajua?"

"Ananiuliza kila siku kama masikio yanalia. Namwambia hapana."

"Wewe ni mjinga kweli," yule wa Ukambani alisema. "Mwambie. Pengine kuna dawa nyingine."

"Nikimwambia ataniandikia mimi ni kiziwi. Na chuo kikifunguliwa tunapimwa masikio, maopereta wote. Unataka niende nikawaambie nini wazee wangu?"

Mimi nilikuwa na matumaini ya kijinga ya mtu anayetazama sinema kila siku. Nilisema tutamfanyia mazoezi. Tulikuwa na mkono wa simu mbovu na waya uliobaki kwenye masomo, nikaokota mkono mwingine, nikatafuta betri za tochi, nikavuta laini kutoka chumbani hadi nyuma ya bafu la mabati. Niliringa nayo, nakuambia. Ilifanya kazi mara ya kwanza. Mimi nilisoma namba, yeye akazirudia ndani, bila kosa. Yule wa Ukambani akasoma, akazirudia. Nikaruka kwa furaha.

"Hiyo ni sauti yako ya ng'ombe," yule wa Ukambani akaniambia. "Tafuta mwanamke."

Tukamwita mama mwenye nyumba. Aliushika ule mkono kama mtu anayeshika samaki hai. "Niseme nini?"

"Chochote, mama. Mwambie chochote."

"Haya. Wewe huko ndani! Waya yenu imepita juu ya kamba yangu ya nguo. Kesho nitaikata, na nyinyi pamoja nayo!"

Tukangoja. Kisha ile sauti yake ya adabu, ya uopereta, ikatoka kwenye mkono wa simu: "Asante sana, mama. Na nyumbani kwetu wote wazima."

Mama mwenye nyumba akatutazama. Alikuwa amekwisha kuanza kucheka, akaacha. "Huyu mtoto hasikii," alisema polepole, akanirudishia ule mkono.

Kuanzia Jumatatu hakwenda tena kliniki. Hakutuficha. Alikaa kitandani, akasema anayapumzisha masikio hadi chuo kifunguliwe, na akishapita kipimo atarudi kwenye sindano.

"Kifua kitakungoja?" yule wa Ukambani aliuliza.

"Kifua hakipimwi."

"Bwana, mimi nakuuliza kama kitakungoja!"

Alikuwa anapiga kelele ili asikike, au pengine si hiyo tu. Akachukua koti la mwenzetu akamtupia, akamvuta mkono hadi mlangoni. Mwenzetu alishika kizingiti. Hakuwa na nguvu, lakini hakuachilia, na ilibidi yule wa Ukambani amwachie, maana ungeweza kusikia pumzi yake inavyokwaruza. Wote wawili wakakaa chini. Mimi nikachemsha chai.

Sinema tulikwenda bado mara chache. Hakufasiri tena. Wapakuzi walikuja kukaa karibu, wakangoja, wakahama.

Nyenje hawakuondoka. Sasa najua kwamba kilichoharibiwa mle ndani hakirudi hata ukipumzika mwaka, lakini wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyelijua hilo. Chuo kilipofunguliwa maopereta walipimwa siku ya kwanza. Mwalimu alimvalisha hedifoni, na msichana wa chumba cha pili akasoma namba. Mwenzetu aliketi ameinamisha kichwa, kalamu tayari, uso wa mtu anayesikiliza vizuri kabisa. Mwalimu mwenyewe alitusimulia baadaye, maana ilimsumbua. Alisema kwanza alidhani mashine imekufa, akavaa yeye, akaikuta nzima.

Siku ile ile mwenzetu alirudi kliniki akamwambia sista kila kitu. Hakuwa tena na cha kulinda. Lakini zile wiki za bila dawa zilikuwa zimetosha, na kabla ya mvua za vuli alikuwa analala wodini na beseni kando ya kitanda, na ndani ya beseni damu. Tulikwenda kila Jumapili. Tulikaa karibu tukazungumza kwa sauti nzito, habari za nguzo na mbwa wakali wa Loresho. Alikuwa akitazama midomo yetu. Jumapili moja tulikuta kitanda kimetandikwa.

Baba yake alifika kutoka magharibi akiwa na koti la kuazima, mikono imezidi urefu. Tulikaa naye kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, tukingoja gari la kumsafirisha marehemu. Kisha akamgeukia yule wa Ukambani.

"Vijana wangu, sisi tuliambiwa hiyo sindano inaponya. Kwake ilikataa?"

Nilimtazama mwenzangu. Nilitaka aseme ndiyo, ilikataa, mzee apate kurudi na neno jepesi la kuwaambia kule nyumbani. Mwenzangu alikuwa anasugua tope kwenye kiatu chake.

"Haikukataa, baba," alisema. "Ilikuwa inamponya."

Mzee akatungoja tuendelee.