Siku Niliyowapelekea Askari Isale

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Rau, maana wao wanaongeza chumvi: mimi, mzee mzima wa Masama, ninayewafinya watoto wakicheka kanisani, nilisimama mbele za watu kuzuia vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya kwenye kitambaa.

Yalianzia kwa mjukuu wangu Neema, anayekaa Rau. Nilishuka kumpelekea ndizi na maziwa, akaniambia, "Bibi, leo twende mjini, kuna filamu ya vita vya Kagera. Siyo ya kutunga, ni ya kweli kabisa." Sasa mimi (shule niliishia njiani, hilo sifichi) nikiambiwa kitu ni cha kweli, basi ni cha kweli. Nikajua kuna mtu alikuwa kule na mashine yake akiwapiga picha wanaume wakipigana. Na kaka yangu Elinami alikuwa kule. Alikwenda kijana, hakurudi, picha yake hatuna hata moja, na miaka hii sura yake imeanza kunitoka, nikifumba macho naona kofia na bega tu.

Nikataka kumwona. Kabla ya kutoka nikakata jani la isale kwenye ua wa Neema, nikalifunga fundo, nikalificha ndani ya kitenge. Kwetu ukiinua isale katikati ya wanaogombana ni lazima washushe mikono, hata kama mtu ameshashika panga, na mimi sikutaka kwenda kwa watu wenye bunduki mikono mitupu. (Neema hakuliona. Laiti angeliona.)

Ukumbini wakazima taa. Giza la mle lilikuwa kama ukungu wa asubuhi mgombani, unaona mtu anakuja na humjui mpaka akohoe. Wakatokea askari, wanatembea kwenye majani marefu, taratibu, nami nikatembea nao, nikasahau viatu vinavyonibana, nikamsahau na Neema, nikawa nawaangalia mmoja mmoja kama ninachambua maharage. Halafu kijana mmoja akageuka, akacheka. Pengo la mbele. Bega moja limeshuka, kama la mtu aliyezoea kubeba majani ya ng'ombe. Ni yeye.

Hapo ndipo risasi zilipoanza.

"Elinami, lala chini!"

Watu wakacheka. Neema akanivuta kitenge, "Bibi, jamani, kaa, wanatuangalia!"

"Na waangalie! Babu yako anauawa, wewe unaniambia nikae?"

Nikapita juu ya miguu ya watu, nikamwaga soda ya mama mmoja, nikafika mbele kabisa, nikasimama kwenye risasi na kuinua isale. "Acheni! Shusheni bunduki!"

"Bibi, angalia bomu nyuma yako!" akapiga kelele kijana mmoja, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nikageuka kuliangalia hilo bomu (ndiyo, niligeuka), na mwanga wa mashine ukanipiga mimi. Sura ya Elinami ikaniangukia kwenye sweta, ikapanda mkononi, nikaona jicho linapepesa juu ya kiganja changu. Nikafumba mkono nisimpoteze. Akapotea. Nikakirukia kitambaa nimshike, nikakishika kweli, kikashuka chote na mti wake na kunifunika gubigubi.

Mle chini palikuwa peupe na pametulia. Bunduki zilisikika kwa mbali, kama mvua inayonyesha upande wa pili wa mlima. Nisiwadanganye, sikutaka kutoka.

Aliyenifunua alikuwa kijana. Pengo lile lile.

"Shikamoo, Bibi."

Nikamshika mashavu. "Umerudi?"

"Bibi, mimi naigiza tu. Natoka Tanga, leo tumekuja kuionyesha filamu yetu. Vita vile nilikuwa hata sijazaliwa."

Na wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza wote (afadhali wangeendelea kucheka). Nikampa jani, sikujua nilipeleke wapi tena. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Nilifanyie nini, Bibi?"

"Usigombane na mtu," nikamwambia, nikatafuta kiatu changu kimoja, nikatoka.

Sasa hivi wanakwaya wakiniona njiani wananiinulia majani ya migomba. Hayo nayaweza. Nisiloliweza ni hili: nilikwenda kuchukua sura ya kaka yangu, nimerudi na ya mtoto wa Tanga. Nikifumba macho askari anageuka, anacheka, na ni yule kijana. Elinami hayupo, hata lile bega limekwenda. Kilichobaki ni mluzi wake, aliokuwa akiupiga akipanda na majani ya ng'ombe jioni, unamsikia kabla hujamwona. Mluzi huo kwenye filamu haukuwemo. Kwa hiyo Neema aniite tena, iwe ya kweli, iwe ya uongo, siendi. Wasije wakauchukua na huo.