Punda na Sufuria za Pilau

Desemba iliyopita niliingia duka la Waafrika pale Grand Prairie, hapa Texas, kununua unga wa chapati, nikakutana na sauti ya baba yangu juu ya friji ya samaki. Ilitoka kwenye spika ndogo, ikiimba ule wimbo wa punda. Mama mwenye duka, ambaye hanijui, aliacha kupanga maharagwe akasema, "Huu wimbo ukianza tu, mimi nasikia njaa!" Nikalipa upesi nikatoka, roho juu. Ngoja nikueleze, maana njaa hiyo naijua ilikotoka.

Kati ya mwaka 2017 na 2020 nilikuwa mtoto wa kiti cha nyuma. Siku za wiki baba alibeba maboksi ghalani. Wikendi tulikuwa barabarani. Leo ubatizo Cedar Hill, kesho harusi ya Wakongomani Haltom City, wiki ijayo Houston. Homework ya hesabu niliifanyia juu ya mfuko wa gitaa, mguu umekufa ganzi, gari zima likinuka chai ya thermos. Baba naye hakutulia hata akiendesha. Vidole vilipiga usukani njia nzima. Alikulia Nyandarua kule Kenya, ambako redio ya Jumapili ni muziki wa kantri wa Marekani asubuhi hadi jioni, akaja Texas akidhani amefika penyewe. Nyimbo alikuwa nazo nyingi, tena nzuri. Lakini watu walijua mmoja tu: wa punda mkaidi aliyegoma njiani kwenda Bethlehemu. Aliutunga jioni moja kutuchekesha, hita ilipoharibika.

Sasa sikia vituko vya watu wetu. Krismasi moja kina mama walitoka jikoni na sufuria za pilau baba akiwa katikati ya punda, wakaingia ukumbini wakicheza nazo. Watu wakapenda, ikawa sheria: chakula hakifunguliwi mpaka punda aimbwe. Harusini, punda. Graduation ya mwezi wa sita, jua la kukaanga yai, wimbo wa Krismasi! Watoto wakimwona tu: "Uncle, do the donkey!" Na baba akithubutu kuanza wimbo mwingine, watu walishika matumbo, MC akamkumbusha kwamba mwenye njaa hana miiko.

Kisha bibi, mamake baba, akafariki nyumbani Kenya. Karatasi za baba hazikuwa zimetoka; angeenda, asingeweza kurudi kwetu. Alimzika mamake kwa simu, amesimama jikoni, kofia yake ya kantri mkononi. Baadaye akaanza kutunga. Ulikuwa wimbo wa bibi akiita ng'ombe jioni, kila mmoja kwa jina, na mwisho akimwita yeye. Ubeti wa mwisho, ule wa tatu, alikataa kutuimbia.

"Huo ni wa kumuaga," alisema. "Nitauimba mbele ya watu. Hayo ndiyo matanga yangu."

Siku ikafika, Krismasi ya 2019, Houston. Mwenyekiti wa sherehe alikuwa amemwahidi nafasi, na Mungu si Athumani, gari la pilau likakwama kwenye foleni. Hakuna chakula, hakuna haraka! Baba akapanda jukwaani. Ubeti wa kwanza watu walinong'ona. Wa pili, ukumbi ukanyamaza. Mama mmoja wa meza ya mbele akavua miwani, akajifuta macho. Mamangu alinishika mkono mpaka ukauma, nami nilitikisa miguu chini ya meza nikiomba kimoyomoyo: haraka, baba, haraka.

Mlango ukafunguliwa. Harufu iliingia kwanza, bizari na kitunguu, kisha kina mama na sufuria zao, wamejipanga mstari, wanangoja wimbo wao. Ukumbi mzima ukasimama. "Mzee wetu, tupe punda!" MC akaita kwa mapenzi kabisa. Na hapo ndipo panaponiuma, kwamba walimpenda kweli. Baba alitazama mlango, akatazama zile sufuria. Vidole vikahama kwenye nyuzi. Punda akaanza, vigelegele vikapasua dari.

Kesho yake tukarudi. Tulipofika nusu ya safari mama akasema, "Ungemaliza tu, Baba Ciru."

"Chakula kingepoa," baba akajibu. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kwenye usukani. Sikuwahi kuviona hivyo.

Mwaka uliofuata kumbi zilifungwa kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa baba hakurudi. Gitaa liko juu ya kabati. Zile safari nilizozinung'unikia sasa nazililia, jamani: chapati baridi kwenye foil, Wakongomani na Watanzania na sisi tukigombania kipaza sauti. Wengi wamehamia majimbo mengine. Punda ndiye aliyebaki, kwenye simu za watu waliomrekodi, na nadhani atatuzika sote.

Nimemwomba baba huo ubeti wa tatu. Anasema ameusahau. Simwamini. Jumapili akiosha vyombo huimba polepole, ubeti wa kwanza, wa pili, bibi anaita ng'ombe wake, nami nasimama nje ya jikoni nimezuia pumzi, sithubutu kuugusa mlango. Akifika pale pa ubeti wa tatu, hufunga bomba, akaukata wimbo, akageuka kuutazama mlango.