Taa za Krismasi na Mabati ya Bibi

Baba alinipa sharti moja tu: taa zangu zifuate wimbo wa kwaya kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa nne, bila kukwama. Zikifaulu, stoo ya kahawa inakuwa karakana yangu. Zikishindwa, mimi na makopo yangu tunatoka, magunia yanarudi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Kaagya na shahada lakini bila kazi, na stoo ile ndiyo mahali pekee nilipojiona mhandisi.

Miezi miwili nilikusanya taka. Chupa za maji nilizikata zikawa maua, nikazipaka rangi nyekundu na kijani, ndani nikaweka vitaa vya tochi zilizokufa. Swichi nilizichomoa kwenye stabilaiza mbovu. Kompyuta ilikuwa yangu ya chuo, yenye kioo kilichopasuka. Niliiandikia programu ya kuwasha na kuzima kila kundi kwa zamu. Mjomba, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, aliniletea taa mbili nyeupe za kuvulia dagaa zilizoingia maji. Nilizikausha, zikafufuka. Ili mwanga usambae, nilisimamisha mabati ya zamani ya bibi nyuma yake, kila bati ndani ya pipa lisije likaanguka.

Bibi akaja kutazama na fimbo yake.

"Mtego wako ni mzuri, mjukuu wangu."

"Si mtego, bibi. Ni taa za Krismasi."

"Sawa. Mimi nimesema ni mzuri."

"Msimu wa senene umeshakwisha. Wiki mbili hatujaona panzi hata mmoja wa kukaanga."

"Umewauliza?"

Nilicheka. Nyumbani mimi ndiye wa maswali: kwa nini tunatandika nyasi sebuleni kila Krismasi, kwa nini ndugu wa Dar lazima waje na gari hata kama ni la kuazima. Siku hiyo sikuuliza kwa nini bibi aliondoka, kisha akarudi na ndoo mbili.

Mkesha wa Krismasi, manyunyu yalikatika giza likianza kuingia. Kwaya ya usharika ikajipanga uani. Ubeti wa kwanza: nyekundu, kijani, nyekundu. Mama akapiga vigelegele. Baba alikunja mikono, akihesabu beti. Ubeti wa pili taa nyeupe zikawaka, migomba ikaonekana hadi kwa jirani.

Kitu kikagonga bati. Kikagonga kingine. Kisha mabati yote yakalia kama yanapigwa kokoto, na senene wakaanza kuteleza kuingia mapipani.

"Ensenene!" akapaza sauti mama mmoja wa mstari wa mbele, na wimbo ukaishia hapo. Programu yangu, isiyojua lolote, ikazima nyeupe na kuwasha kijani.

"Washa! Wewe msomi, washa ile nyeupe!" wanakwaya wakanipigia kelele.

"Lakini ubeti wa tatu..."

"Ubeti gani!" Huyo alikuwa baba. Alikuwa amepiga magoti kwenye majani, mifuko ya koti lake la kanisani ikicheza yenyewe.

Nilibonyeza kitufe. Kazi ya miezi miwili ikasimama, zikabaki taa mbili nyeupe zinazowaka tu, jambo ambalo mjomba angelifanya bila shahada. Nikaingia majanini na wenzangu. Bibi akanisimulia kwamba zamani mke aliokota, mume akala, kisha mke akapewa nguo mpya.

"Kwa nini aliyeokota asile?"

"Uliza huku unaokota."

Kesho yake, baada ya ibada, nikaanza kukunja waya zangu. Beti zilikuwa mbili kati ya nne. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta. Gunia la kwanza la kahawa lilikuwa limekwisha kuwekwa mlangoni pa stoo tangu juzi, likinisubiri nishindwe. Baba akaja na kibakuli cha senene wa kukaanga, akitafuna taratibu.

"Hiyo kompyuta yako inaweza kuwasha nyeupe yenyewe senene wakipita?"

"Sijui. Kwanza tujue wanapita lini, na kwa nini."

"Basi chunguza." Akaniachia kibakuli, akalibeba gunia begani. "Hili litakaa chumbani kwetu. Mama yako usimwambie leo, ni sikukuu."